Kumshauri mtu kuhusu fedha zake kwa hofu ya Mungu

Ninashauri watu mambo ya fedha hapa Dodoma: walimu wanaokaribia kustaafu, wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, akina mama wa Soko la Majengo. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kama huduma huniuliza waanzie wapi.

Anza kwa kutaja ujira wako. Kabla mteja hajatoa karatasi yake hata moja, mwambie unalipwa na nani, kiasi gani, na kama kuna kampuni itakupa kamisheni akinunua kitu chake. Mithali 11 inakataza mizani ya hadaa, na kamisheni ya kificho ni mizani hiyohiyo. Mwonyeshe leseni pia. Ushauri wa uwekezaji unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kuokoka hakukuondolei wajibu huo.

Mteja akitaka tuombe, tunaomba. Ila siku hiyo hasaini kitu. Mkishasema amina pamoja ataona haya kukukatalia, na haya hiyo usiitumie. Arudi nyumbani, azungumze na mwenzake, aje wiki nyingine. Nasisitiza hili kwa sababu watu wetu waliumizwa kwa lugha ya imani. DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, ilikuwa upatu wa kuwalipa wa zamani kwa fedha za wapya, ulioita michango mbegu, na waumini wengi wakapanda. Faida ya haraka ikija na mstari wa Biblia, uliza: fedha hiyo inazalishwa na nini? Nikitaka kutoka leo, nalipwa lini?

Madeni ndipo pa kukaa muda mrefu. Deni la kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba ya kuumiza, halitajwi siku ya kwanza, hasa na mama ambaye mumewe hajui. Uliza taratibu, usishtuke, na hesabu muiandike. Mkopo wa laki moja wenye riba ya 30,000 kila mwezi unamtoa 360,000 kwa mwaka, na laki yenyewe bado anadaiwa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, wasiopokea amana za wateja, kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi; kwa laki ileile ni 3,500. Akiziona namba hizo mbili pamoja, huna haja ya kumhubiria. Fuatana naye hadi SACCOS yake, chama cha akiba na mikopo, au kikundi chake cha VICOBA, mkaulize kama wanaweza kumkopesha alimalize deni lile na awalipe wao pole pole.

Zaka naiandika juu kabisa kwenye bajeti ya anayetaka kuitoa, maana ni ibada yake. Ahadi ya harambee inayolipwa kwa kausha damu siikubali, na nasema hivyo hata mbele ya mchungaji.

Mkulima usimpe bajeti ya mshahara. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, basi gaweni fedha siku ileile ya mauzo: chakula hadi mavuno yajayo, dawa na vibarua, ada, kisha akiba. Na mtama wa ghalani asiuuze anunue bodaboda. Mvua za huku tunazijua.

Mteja Mwislamu asiyetaka riba usimbembeleze na hatifungani, maana nayo ni mkopo unaolipa riba. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Mwelekeze huko hata kama hupati senti. Mimi ni Mwanglikana, na imani yangu ndiyo inayonidai niiheshimu ya mwenzangu.

Mstaafu akipata mkupuo wake, fedha ipumzike kwanza miezi michache benki, au kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kabla ya nyumba, kabla ya daladala. Ndugu watakuja kukopa wakingali na pole za kustaafu mdomoni. Mruhusu aseme mshauri wake amekataa. Lawama hizo zichukue wewe.