Kuandika wasifu wa mchezaji wa zamani wa polo ya majini wa Chekoslovakia

Usianze na orodha za Olimpiki, anza na kuzaliwa kwake. Mfano mzuri ni Kurt Epstein, aliyezaliwa tarehe 29 Januari 1904 Roudnice nad Labem, mji wa kando ya mto Elbe, akacheza Olimpiki za Amsterdam 1928 na Berlin 1936.

Kosa la kwanza la wengi ni kuandika kwamba mtu kama huyu alizaliwa Chekoslovakia. Nchi hiyo iliundwa Oktoba 1918. Kabla ya hapo Roudnice ilikuwa Bohemia, chini ya Austria-Hungaria. Daftari za vizazi vya zama hizo zilitunzwa kwa dini. Za Wakatoliki wa eneo hilo utazitafuta katika hifadhi ya nyaraka ya mji wa Litoměřice. Za Wayahudi, na Epstein alikuwa Myahudi, ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Prague. Daftari la vizazi hufunguliwa baada ya miaka 100, la ndoa baada ya 75, na hesabu huanzia ingizo la mwisho la kitabu. Ndiyo maana mtu wa 1904 anaweza kuwa ndani ya kitabu ambacho bado kimefungwa.

Kisha magazeti. Ya Kicheki yako kwenye maktaba ya kidijitali Kramerius; Prager Tagblatt, la Kijerumani, liko ANNO, mkusanyo wa magazeti ya kidijitali wa Maktaba ya Taifa ya Austria. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Kicheki hubadili mwisho wa jina kulingana na sentensi: Epstein, Epsteina, Epsteinem. Tafuta kwa mzizi ukimalizia na alama ya nyota (Epstein*), pamoja na neno "pólo". Kwa Kijerumani tumia "Wasserball".

Ukifika kwenye kikosi, tenganisha aliyeandikishwa na aliyeingia majini. Timu ilikuwa na wachezaji 7 na kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, kwa hiyo wa akiba angeweza kurudi nyumbani bila kugusa mpira. Linganisha orodha ya timu na majina ya kila mechi katika ripoti rasmi ya michezo.

Miaka ya vita inahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Epstein alipitia kambi za Wanazi za Terezín na Auschwitz, akanusurika. Hifadhidata za Kicheki za wahanga zinahusu hasa waliouawa. Kutomwona mtu humo hakumaanishi kwamba hakupelekwa kambini. Nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Arolsen, Ujerumani, utafute nyaraka za wafungwa, ukijaribu jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa, maana makarani waliandika majina kwa namna tofauti.

Alihamia New York mwaka 1948, akafariki 1975. Kwa wahamiaji wa aina yake, tafuta ombi la uraia wa Marekani: kwa kawaida hutaja tarehe na mahali pa kuzaliwa, siku ya kuwasili na chombo alichosafiria. Tarehe zikigongana na daftari la kuzaliwa, fuata daftari, kisha utaje tofauti hiyo ndani ya wasifu.