Amri Inaposhindwa Katikati ya Makro ya Vim

Katika Vim, programu ya kuhariri maandishi, makro (mfuatano wa amri uliorekodiwa ili urudiwe) hukatika pale pale amri mojawapo inaposhindwa, na hatua zilizobaki hazitekelezwi. Wengi huona hilo kuwa kero. Mimi naliona kuwa ulinzi, mradi uamue mapema kama mstari wenye kasoro usimamishe kazi yote au urukwe tu.

Tuchukue orodha ya wanafunzi ambayo kila mstari una jina, nukta mkato na kidato, nasi tunataka nukta mkato iwe mkato.

Hatua ya 1. Hifadhi faili, nenda mstari wa kwanza, kisha rekodi katika rejista ya a (mahali Vim inapohifadhi makro) kwa kubonyeza `qa0f;r,jq`: `qa` huanza kurekodi, `0` hurudi mwanzo wa mstari, `f;` hutafuta nukta mkato, `r,` huweka mkato mahali pake, `j` hushuka mstari mmoja, na `q` humaliza. Usiiache ile `0`, kwani bila hiyo `f;` huanza kutafuta pale kishale kilipo, na alama iliyo nyuma yake haionekani.

Hatua ya 2. Andika `500@a`, yaani rudia makro ya a mara 500, hata kama orodha ina mistari 80. Makro itakoma yenyewe mwishoni, kwa kuwa `j` haina pa kushukia, na itakoma mapema zaidi ikikuta mstari usio na nukta mkato, huku kishale kikibaki kwenye mstari huo huo. Urekebishe, kisha urudie.

Hatua ya 3. Kama mistari isiyo na alama hiyo ni halali, rekodi upya bila `j` na uandike `:%normal @a`. Hapo Vim huanza makro upya kwa kila mstari, hivyo kushindwa kwa mmoja hakuuzuii unaofuata. Amri `:v/,/p` itakuorodheshea mistari iliyobaki bila mkato, isome yote.

Hatua ya 4. Ikiwa ndani ya makro mna `:s/Kidato/Darasa/`, amri ya kubadili neno la kwanza kuwa la pili, neno lisipopatikana hutokea kosa E486 na makro hukatika. Ongeza `e` mwishoni, yaani `:s/Kidato/Darasa/e`, nayo itaendelea.

Ninachokiogopa ni `:silent! %normal @a`. Watu huitumia ili kunyamazisha makosa tu, lakini alama ile ya mshangao huizuia pia makro isikatike. Kwenye mstari wenye `Asha Juma` pekee, `f;` hushindwa, kishale hubaki juu ya A, kisha `r,` huigeuza A hiyo kuwa mkato: `,sha Juma`. Niliwahi kuharibu majina ya watu kwa njia hiyo bila kuona onyo lolote. Hata `:v/,/p` haiufichui mstari huo, kwa sababu sasa una mkato. Ukishuku, bonyeza `u` (kutengua) papo hapo, kabla ya kufanya badiliko jingine.