Kabla ya Kuwapeleka Watoto kwenye Mashindano ya Besiboli Nje ya Nchi

Pasipoti ziwe na miezi sita au zaidi baada ya tarehe ya kurudi. Bima ya matibabu ikatwe mapema na isomwe, maana nyingine hazilipii majeraha ya michezoni. Mtoto asiyesafiri na wazazi abebe barua ya idhini yenye saini zao. Hayo hayahitaji maelezo.

Kinacholiza watu ni cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda fainali ya kanda huko Kutno, Poland, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu Little League World Series, fainali za dunia za besiboli ya watoto wa miaka 12 hivi, inayochezwa South Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Uwanjani kazi ilikwisha. Wakanyimwa viza za Marekani, kwa kuwa taarifa za umri na kuzaliwa kwenye karatasi zao zilipingana. Nafasi ikaenda kwa Saudi Arabia, timu ileile waliyoifunga Kutno. Wakanada waliopangwa kucheza na Uganda mechi ya kwanza walifunga safari hadi Uganda Januari 2012 wakacheza nao huko, na Waganda wakashinda. Jambo jema, ila mashindano yalishapita. Uganda ilifika Pennsylvania mwaka huohuo wa 2012, lakini kwa timu nyingine, ya Lugazi. Mtoto wa miaka 12 hangoji mwaka kesho: umri unamtoa.

Na usidhani ni ukali wa bure. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilifutiwa ushindi wake kwenye mashindano hayohayo baada ya kubainika kwamba mrushaji wake nyota alikuwa na miaka 14, kupita umri unaoruhusiwa.

Kwa hiyo kocha, kusanya karatasi zote kabla hata ya mechi za mchujo: cheti, pasipoti, kadi ya kliniki, rekodi za shule. Zitandaze mezani, soma herufi kwa herufi. Jina la babu limeachwa kwenye moja? Siku na mwezi vimepishana? Peleka kwa msajili sasa, usisubiri ofisa wa ubalozi akuulize. Cheti kilichotolewa mtoto akiwa mkubwa kitaulizwa tu. Andaa ushahidi wa kukisindikiza. Na mzazi, tarehe ya kweli ndiyo hiyo hiyo kila mahali. Ukipunguza mwaka mmoja, unawaponza wote.

Marusho ya kila mrushaji yahesabiwe na mtu wako mwenyewe. Katika Little League mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi 85 kwa siku, na akifika 66 anapumzika siku nne. Bega la mtoto halirudishwi kwa kombe.

Magongo yakaguliwe nembo ya kuidhinishwa kabla ya kufungashwa. Sheria hutofautiana kati ya shindano na shindano. Dawa za mtoto zisafiri na maelezo ya daktari. Nakala za karatasi zikae kwenye begi jingine. Maji, kofia, orodha ya vyumba, namba za simu za wazazi, mtu mzima wa kubaki na atakayeugua.