Rimu ya mtumba: pima tundu la katikati kabla ya kulipa

Ukisaka rimu za mtumba za gari kuukuu la porini hapa Nakuru, usiishie kuhesabu matundu ya nati. Beba rula upime tundu la katikati. Hilux, Prado na Pajero za nati 6 zote zina duara la nati (linalopita katikati ya matundu ya nati) la milimita 139.7, na muuzaji atakuapia kwamba zinaingiliana. Lakini tundu la kati la Pajero za kizazi cha tatu na cha nne ni milimita 67.1, la Prado na Hilux 106.1. Rimu ya Pajero hizo haiingii kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) ya Prado hata uilete na nyundo. Ya Prado huingia kwenye Pajero hizo kirahisi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: haishikwi katikati, nati zikikazwa upande usukani unatetemeka. Zipo pete za kujaza nafasi hiyo. Chukua za alumini, za plastiki hazipendi joto la breki.

Rula haitakuambia kama rimu itagusa kalipa, kile kifaa cha breki kinachobana diski. Ifunge mbele bila tairi, uizungushe kwa mkono. Mwenye Land Rover Defender ya zamani asijisumbue na hizi: yake ni nati 5, milimita 165.1.