Red Alert ya kushika bunduki: namna ya kuicheza ukiwa Mtwara na intaneti ya simu

Wakuu, vijana wa Chikongola na Mikindani wameniuliza sana hii gemu ya A Path Beyond naipataje, ngoja niandike mara moja yaishe.

Kwa wasioijua, Red Alert ya Westwood ilitoka 1996, ni ya kuangalia vita kutoka juu, unajenga kambi unatuma vifaru, stori yake Einstein anarudi nyuma anamfuta Hitler kabla hajashika nchi, matokeo yake Stalin ndo anaivamia Ulaya. Mashabiki wakachukua injini ya Renegade, gemu ya 2002 ya haohao Westwood, wakatengeneza A Path Beyond, yani vita ileile ila sasa askari ni wewe, na kile kifaru cha Mammoth ulichokuwa unakibonyeza kwa mausi kinakuja kukukanyaga. Ni bure, na Renegade yenyewe sio lazima uwe nayo.

Hatua ya 1. Ingia tovuti ya W3D Hub, shusha lancha yao (programu ya kushushia na kufungulia gemu), fungua akaunti, chagua gemu, instoli. Ni ya kompyuta ya Windows, wa simu poleni. Ushushe kwa bando la usiku, na laptopu ichaji kwanza ijae, maana gesi ya Mnazi Bay tunayo lakini umeme wa mtaani kwetu una mambo yake.

Hatua ya 2. Kabla ya kuingia seva, iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kulipia kwa kipimo, iko kwenye seting za Wi-Fi, la sivyo itaanza kujiapdeti katikati ya vita na bando linakwisha hujaua mtu. Simu inayotoa hotspoti iweke dirishani. Grafiki usihangaike nazo, injini ya zamani hii.

Hatua ya 3, muda. Wachezaji wengi ni wa Ulaya na Marekani, saa mbili usiku ya New York kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Ukiingia mchana seva unaweza kuikuta tupu, usiseme gemu mbovu.

Hatua ya 4 ndo yenyewe. Pingi yetu (muda data inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) ni kubwa, seva iko mbali, kwahiyo ukitaka kushindana kulenga na mtu aliyekaa jirani na seva utakufa kabla hujamwona vizuri. Achana na habari za kulenga, chukua injinia. Nenda kwenye mashine ya kununulia ndani ya jengo, bonyeza E, chagua injinia, alafu kaa karibu na mtambo wa umeme. Ukisikia mtambo unapigwa ingia ndani tafuta MCT, ile mashine kuu ya jengo, elekeza kifaa chako cha kutengenezea hapo na ushikilie kitufe, utaona mstari wa uhai unapanda taratibu. MCT haikimbii, pingi iwe mia tatu iwe ngapi unaipata tu. Wengi wanaona kazi ya kishamba hii, mimi naona ndo inashindisha mechi, kwasababu timu ni mbili, Sovieti na Allied, na ukiwa Sovieti mtambo wa umeme ukafa, minara ya Tesla, ile ya ulinzi inayopiga kwa umeme, inazima, na hapo vifaru vya Allied vinaingia kambini kama wageni wa harusi.

Linda na kiwanda cha madini pia, pesa ya timu inatokea huko.

Ukiwa Allied geuza hesabu, wewe ndo unautafuta huo umeme wao. Spai (jasusi) ni mzuri kwa watu wa pingi kubwa, mitambo ya ulinzi haimpigi, ila askari mwenye macho atakushtukia ukikimbia ovyo, we tembea. Tanya, yule komandoo wa kike wa Allied, mwachie mwenye intaneti ya maana. Umeme wao ukizima tu waite wenzako, Ctrl au Alt pamoja na namba zinatoa amri za redio, maana ukienda kuchapa ujumbe kwa kibodi umesimama pale katikati ya kambi yao unatafuta herufi.