Kuandika hadithi ya polisi kuhusu binti aliyepotea: anza na binti, mpelelezi atakuja baadae

Hadithi nyingi za upelelezi ninazotumiwa nisome zinaanza na mpelelezi anashuka kwenye gari, miwani nyeusi, bastola kiunoni, na huyo binti aliyepotea tunajua jina lake tu. Usianze hivyo. Kabla hujaandika mstari wa kwanza kaa nae huyo binti hata wiki.

Tumwite Zawadi, miaka 20, anauza kwenye duka la vipodozi Mbagala, Dar, kapanga chumba kimoja. Siku anayopotea kaacha maharage kayaloweka kwenye sufuria, na kijora cha shughuli ya Jumamosi kipo kwa fundi, kashalipia nusu. Anayetoroka haloweki maharage. Msomaji hapo kashaanza kuogopa na wewe hujataja hata tone la damu.

Sasa mpeleke mama yake kituoni, na hapa usikimbie maana utamu wa hadithi ya polisi uko kaunta. Askari anaandika taarifa, mama anapewa namba ya RB, yani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, kwenye kikaratasi anakikunja anakifunga kwenye ncha ya kanga, halafu anaulizwa "hana bwana huyo?" na majirani wako nyuma kwenye benchi wanasikia. Swali hilo moja linaumiza kuliko kurasa kumi za kufukuzana. Na yale masaa 24 ya kusubiri kabla ya kuripoti, ya kwenye muvi, usiyafanye kanuni ya hadithi yako, saa za mwanzo ndo kamera ya duka la jirani bado haijajirekodia juu ya picha za jana.

Jalada likifunguliwa mpe mpelelezi kazi ya kweli, yani kutembea na kuuliza: mjumbe, bodaboda wa kijiweni, mwenye nyumba, wakala wa pesa aliyemtolea hela mara ya mwisho. Anaandika maelezo, anamsomea shahidi, shahidi anasaini, na kesho yake shahidi mwingine anasema tofauti.

Simu nayo wengi wanakosea. Mnara hauonyeshi mlango wa nyumba, unaonyesha eneo tu, na taarifa zenyewe polisi wanaziomba kampuni ya simu kwa utaratibu, hakuna kijana anabonyeza kompyuta dakika mbili. Ila laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na hapo una fundo zuri sana: namba iliyompigia mwisho inasomeka kwa bibi mmoja wa kijijini ambae hajawahi kufika Dar, kumbe siku anasajili yake aliambiwa "bibi weka kidole tena, hakijasoma", na kidole cha pili kikasajili laini ya mtu mwingine.

Vinasaba (DNA) vinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu hayaji jioni ileile, basi kule kusubiri kuandike, mama anavyoshtuka kila simu ikiita.

Nakuomba kitu kimoja kwa moyo wote, kama anapatikana amekufa usimwache uchi mbele ya wasomaji ili kurasa zichangamke. Mfunike, angalia mikono yake, rangi ya kucha aliyopaka dukani, basi.

Na ukishamjua mhalifu usifunge hadithi pale anapotiwa pingu. Rudi kwa fundi, kijora bado kinaning'inia ukutani na nusu ya hela inadaiwa, andika ni nani anaenda kukichukua.