Panga safu ya pembeni ya tovuti yako ukianzia kwenye simu

Mama mmoja mshonaji wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniita nimrekebishie tovuti. Anaandika vizuri. Makala yake ya namna ya kutoa libaya (blauzi) na sketi katika piesi moja ya kitenge, yadi 6, inasomwa kuliko zote, lakini wasomaji walikuwa hawampigii. Kabla sijagusa kitu nilimpa simu mteja aliyekuwa akisubiri nguo yake, nikamwomba atafute namba ya mama. Kidole gumba kikashuka, kikashuka. Makala ikaisha, ikaja kalenda, ikaja saa, ikaja orodha ya miezi yote tangu tovuti ianze. Akainua macho: "Yaya, numero ya mama iko wapi?" Namba ilikuwepo. Ilikuwa kitu cha tisa, chini ya hali ya hewa.

Tangu siku ile nafuata mpango huu.

Hatua ya 1: Fungua tovuti kwa simu

Kwenye kompyuta safu hukaa kando ya makala, unaiona mara moja. Simu haina nafasi ya pembeni, kwa hiyo safu nzima huteremshwa chini, baada ya neno la mwisho la makala. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu. Teremka mpaka mwisho, uandike kwenye karatasi kila kitu unachokikuta, kwa mpangilio wake.

Hatua ya 2: Futa

Hii ndiyo kazi yenyewe, ipe muda. Kwa kila kitu kilichoandikwa, uliza: aliyemaliza kusoma makala hii, sasa anataka nini? Anayejifunza kukata libaya anataka kuona mishono mingine, kujua bei, au kumpata mshonaji. Hataki kalenda; simu yake inayo. Hataki saa. Orodha ya miezi haimsaidii, maana hakuna anayetafuta mshono kwa kukumbuka mwezi ulioandikwa. Kihesabu cha wageni kinamfurahisha mwenye tovuti peke yake. Na kile kidirisha kinachovuta machapisho ya Facebook kinakula mega za msomaji hata asipokitazama.

Mama alitetea hali ya hewa kwa sababu inapendeza, nami nilimwelewa, tovuti ni nyumba yake. Lakini mgeni akifika dukani humwoneshi kwanza pambo la ukutani, unampa kiti. Tulibaki na vitu 4.

Hatua ya 3: Panga kwa uzito

Juu kabisa weka kile unachotaka msomaji akifanye. Kwa mama ni picha yake ndogo, sentensi moja ya yeye ni nani, na kitufe cha WhatsApp. Chini yake weka makala 4 ulizozichagua mwenyewe, kisha mada, kisha kisanduku cha kutafutia.

Usikipambe kitufe hicho kama tangazo. Mwaka 1998 watafiti Benway na Lane walionesha kwamba watu huruka vitu vinavyofanana na matangazo, hata pale jibu wanalolitafuta limo humo humo. Fremu nyekundu inayometameta inakificha kitufe chako. Tumia rangi na herufi zilezile za makala.

Anayetumia WordPress kwa Kifaransa aende "Apparence", kisha "Widgets". Usipoiona, mandhari (thème) ya tovuti yako ni ya aina mpya inayojengwa kwa bloku, ingia "Éditeur".

Hatua ya 4: Vipimo

Pikseli 300 zinatosha. Makala ipewe nafasi iliyobaki, ila mstari usizidi herufi 75 hivi, jicho lisipotee likirudi kushoto. Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa tovuti (hapa `.ukurasa` ni sehemu inayobeba makala na safu, `aside` ni safu yenyewe):

`.ukurasa { display: grid; grid-template-columns: minmax(0, 1fr) 300px; gap: 40px; }`

Andika hiyo ndani ya `@media (min-width: 900px)`, ili kwenye skrini ndogo safu ishuke yenyewe.

Ukitaka safu ibaki ikionekana msomaji anapoteremka:

`aside { position: sticky; top: 20px; align-self: start; }`

Neno la mwisho hapo lilinipotezea jioni nzima. Bila `align-self: start`, safu hunyooshwa ikalingana na urefu wa makala, kwa hiyo haina pa kusogea, nawe unadhani msimbo umekosewa. Ukiiweka na bado safu haigandi, angalia kama sehemu inayoizunguka ina `overflow: hidden`. Na usigandishe safu ndefu kuliko skrini: sehemu yake ya chini haitaonekana mpaka makala iishe.

Hatua ya 5: Mrudie msomaji wa simu

Kile cha juu kabisa usikiache kwenye safu tu. Kirudie ndani ya makala yenyewe, mara tu baada ya aya ya mwisho, na kwenye kompyuta ukifiche hapo. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 44 au zaidi, kidole kikipate bila kugusa cha jirani. Picha ya mama ilitoka kwenye kamera ikiwa na mega 3; niliipunguza hadi pikseli 300 kwa upana, ikabaki chini ya kilobaiti 30.

Kisha mwite mtu asiyeijua tovuti, umpe simu, unyamaze. Usimwelekeze kwa kidole.

Hatua ya 6: Baada ya mwezi

Tazama ni nini kilichobonyezwa. Kwa mama, kisanduku cha kutafutia hakikuguswa, maana ana makala 14 tu na zote zinaonekana kwenye mada. Tulikitoa. Mahali pake sasa pana jedwali dogo la yadi zinazohitajika kwa libaya, sketi na gauni refu, na wateja humtumia picha ya jedwali hilo kabla hata ya kusalimia.